Vitegemezi na nyaraka za paketi ya Python: mwongozo kwa waandishi wa programu wa Unguja na Pemba

Paketi ya Python inayokusudiwa kutumiwa na watu wengine ina mambo mawili ambayo mwandishi wake huyaahirisha mpaka dakika za mwisho. La kwanza ni orodha ya vitegemezi, yaani paketi za watu wengine ambazo bila ya hizo paketi yake haifanyi kazi. La pili ni nyaraka zinazomweleza mtumiaji namna ya kuisakinisha na kuitumia. Kwa kawaida mambo hayo hufundishwa mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Ukweli ni kwamba seva inayojenga nyaraka ni mtumiaji wa paketi kama watumiaji wengine: hupakua vitegemezi vile vile, huiita moduli ile ile, na ikikosa kitu hukwama kama atakavyokwama mwanafunzi anayeisakinisha kwa mara ya kwanza. Nyaraka zinazojengeka kwenye seva ya mbali ni ushahidi mzuri kwamba orodha ya vitegemezi ni sahihi, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unayashughulikia mambo yote mawili kwa pamoja.

Mfano utakaotumika ni paketi ndogo ya kufikirika iitwayo `bamvua`. Kazi yake ni kupokea tarehe, kurejesha umri wa mwezi, na kueleza kama siku hiyo imo katika bamvua, yaani siku za maji makubwa, au katika maji mafu, yaani siku za maji madogo. Hesabu yenyewe si nzito: kutoka mwandamo mmoja hadi mwengine hupita wastani wa siku 29.53, na bamvua huja mara mbili ndani ya muda huo, karibu na mwezi mchanga na karibu na mwezi mpevu. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, wanaijua hesabu hiyo bila ya kompyuta. Anayeihitaji katika programu ni yule anayepanga ratiba ya miezi kadhaa mbele. Paketi ya namna hii haichukui nafasi ya majedwali rasmi ya maji, na nyaraka zake zinapaswa kulisema hilo katika ukurasa wa kwanza kabisa.

Kabla ya kuongeza kitegemezi

Kila kitegemezi kinachoongezwa ni kazi ya kudumu, kwa sababu kitatoa matoleo mapya, kitaacha kuunga mkono matoleo ya zamani ya Python, na siku moja kinaweza kuachwa na mwenyewe. Swali la kwanza, basi, ni kama kinahitajika. Tuseme `bamvua` inataka kuonesha saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ambayo saa 7 ya kompyuta ni saa 1 asubuhi. Hakuna haja ya kutafuta paketi ya kazi hiyo, kwa kuwa mstari mmoja unatosha:

```python
def saa_ya_kiswahili(saa):
    return (saa - 6) % 12 or 12
```

Hesabu za mwezi kwa maelfu ya tarehe kwa mkupuo ni jambo jengine. Hapo NumPy, paketi ya hesabu za namba nyingi kwa pamoja, ina faida ya dhahiri, na kuikwepa kungekuwa ni kujitesa.

Kuandika orodha

Mahali pa kuandika vitegemezi ni faili la `pyproject.toml`, lililo katika folda kuu ya mradi. Muundo wa sehemu ya `[project]` uliwekwa na pendekezo la PEP 621 la mwaka 2020, na leo unaeleweka na zana zote kubwa, hivyo hakuna sababu ya mradi mpya kuanza na faili la zamani la `setup.py`. Kwa `bamvua` faili hilo linaweza kuwa hivi:

```toml
[build-system]
requires = ["hatchling"]
build-backend = "hatchling.build"

[project]
name = "bamvua"
version = "0.3.0"
description = "Siku za bamvua na maji mafu kwa umri wa mwezi"
requires-python = ">=3.10"
dependencies = [
    "numpy>=1.24",
    "tzdata; sys_platform == 'win32'",
]

[project.optional-dependencies]
grafu = ["matplotlib>=3.7"]

[dependency-groups]
majaribio = ["pytest>=8"]
nyaraka = ["sphinx>=7.2", "myst-parser>=3", "furo"]
```

Mistari hii michache ina makundi matatu yanayofanana kwa sura lakini yanayotofautiana kwa kazi. Vilivyomo katika `dependencies` husakinishwa kwa kila mtu. Vilivyomo katika `optional-dependencies` husakinishwa kwa anayevitaka tu, kwa kuandika `pip install "bamvua[grafu]"`, pip ikiwa ndiyo zana ya kawaida ya kusakinisha paketi za Python. Matplotlib imewekwa huko kwa sababu anayehitaji tarehe peke yake hana sababu ya kumaliza bando lake kwa zana ya kuchora. Vilivyomo katika `dependency-groups`, muundo uliokubaliwa mwaka 2024 kwa PEP 735, ni vya wanaoiendeleza paketi na haviandikwi kabisa katika paketi inayochapishwa. Zamani vitegemezi vya majaribio na vya nyaraka viliwekwa pamoja na vya hiari, na mtumiaji akaona vitu visivyomhusu. Sasa hakuna haja hiyo tena.

Mstari wa `tzdata` unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu unagusa kosa ambalo mwandishi anayetumia Linux au Mac anaweza asilione maisha yake yote. Moduli ya `zoneinfo`, iliyoingia katika Python 3.9, husoma kanda za saa kutoka katika mfumo wa kompyuta. Linux na Mac huwa na hifadhidata hiyo, lakini Windows haina hifadhidata ya namna inayosomwa na moduli hiyo. Msimbo wenye `ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")`, ambayo ndiyo kanda ya saa tunayoitumia Zanzibar, utakwenda vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi na kwenye seva ya nyaraka, kisha utaangushwa na kosa la `ZoneInfoNotFoundError` kwenye Windows ya ofisini. Sharti lililoandikwa baada ya nukta-mkato linaiambia pip kwamba `tzdata` isakinishwe pale tu mfumo unapokuwa Windows.

Kuhusu mipaka ya matoleo, kauli yangu ni kwamba paketi inayotumiwa ndani ya programu za wengine iweke mpaka wa chini na iache wa juu wazi, ila pale ambapo tatizo la toleo jipya limeshajulikana. Mpaka wa chini ni ahadi kwamba msimbo unafanya kazi tangu toleo hilo. Mpaka wa juu, kama `numpy<2`, unaonekana kuwa tahadhari, lakini humfunga mtumiaji: paketi moja ikitaka NumPy chini ya 2 na nyengine ikitaka kuanzia 2, haziwezi kukaa katika mazingira mamoja (yaani Python moja na paketi zake), na mtumiaji hana la kufanya. Ni kweli kwamba NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, iliondoa majina kadhaa, likiwemo `np.NaN`, ikabakisha `np.nan`, na waliokuwa wakiliandika jina la kwanza walipata kosa siku ile ile. Dawa yake ilikuwa kurekebisha msimbo na kutoa toleo jipya. Mpaka wa juu ungefaa kwa siku chache za kusubiri marekebisho hayo, si kwa miaka.

Alama ya `~=` nayo itumiwe kwa uangalifu. `~=1.24` inakubali kila toleo kuanzia 1.24 hadi kabla ya 2, ilhali `~=1.24.0` inakubali matoleo ya 1.24 peke yake. Tofauti ya sufuri moja imewasumbua wengi.

Ahadi ya mpaka wa chini ina thamani ikiwa imejaribiwa. Zana ya uv, inayosakinisha paketi na kufunga matoleo yake, ina njia ya kusakinisha matoleo ya chini kabisa yaliyoruhusiwa, na inatosha kuendesha majaribio ndani ya mazingira hayo kabla ya kila uchapishaji:

```
uv venv chini --python 3.10
uv pip install --python chini --resolution lowest-direct . "pytest>=8"
```

Kufunga matoleo

Orodha iliyomo katika `pyproject.toml` ni ya kulegea kwa makusudi. Anayeiendeleza paketi, na hasa seva inayojenga nyaraka, wanahitaji kitu kilichokaza zaidi: matoleo kamili ya kila kitu, pamoja na vitegemezi vya vitegemezi. Hiyo ndiyo kazi ya faili la kufungia matoleo. Kwa uv amri ni hizi:

```
uv lock
uv sync --group majaribio --group nyaraka
```

Amri ya kwanza huandika `uv.lock`, na faili hilo liwekwe katika Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Halimfuati mtumiaji, kwa kuwa paketi iliyochapishwa hubeba orodha ya `pyproject.toml` peke yake. Amri ya pili hutengeneza mazingira pepe katika folda ya `.venv` na kuyafananisha na faili hilo. Asiyetaka uv anaweza kutumia `venv` na pip, ambayo tangu toleo 25.1 inaelewa makundi: `pip install -e . --group nyaraka`. Anaweza pia kutumia `pip-compile` ya pip-tools, lakini akumbuke kwamba faili linaloandikwa na zana hiyo ni la mfumo ulioliandika. Likitengenezwa kwenye Windows huenda lisilingane na mahitaji ya seva yenye Ubuntu. Faili la uv linabeba mifumo yote kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kulipendelea.

Kinachofaa kuepukwa ni `pip freeze > requirements.txt`, ijapokuwa ndiyo njia ya kwanza ambayo wengi hujifunza. Amri hiyo huandika kila kilichomo katika mazingira, yakiwemo mabaki ya majaribio ya mwezi uliopita, wala haielezi ni kipi kilichohitajika na kipi kilichofuatana na chengine.

Kufunga matoleo kunapunguza pia matumizi ya bando. Pip isiyo na matoleo kamili hulazimika kutafuta mchanganyiko unaopatana, na mambo yakiwa magumu hurudi nyuma toleo baada ya toleo, ikipakua na kutupa. Kukiwa na faili la kufungia, kila kitu hupakuliwa mara moja.

Kupakua mara moja, kusakinisha mahali pengi

Katika maabara ya skuli au ya chuo yenye kompyuta 20 zinazotegemea simu ya mwalimu kwa intaneti, haingii akilini kila kompyuta ipakue NumPy yake, ambayo kwa Windows na Linux za biti 64 ina MB zaidi ya 10. Njia nzuri ni mtu mmoja mwenye mtandao wa kuaminika, tuseme aliye Chake Chake, apakue kila kitu katika folda moja na kuipeleka Konde au Micheweni kwa flashi. Wanaokumbuka jinsi Unguja ilivyokaa bila ya umeme kwa takriban miezi 3 kuanzia Disemba 2009 hawatahitaji kushawishiwa juu ya faida ya kuwa na nakala isiyotegemea mtandao.

```
uv export --extra grafu --no-emit-project -o mahitaji.txt
pip download -r mahitaji.txt -d ghala --platform win_amd64 --python-version 3.12 --only-binary=:all:
uv build --wheel --out-dir ghala
```

Amri ya kwanza hutoa orodha iliyofungwa pamoja na heshi ya kila faili, yaani alama inayohesabiwa kutokana na yaliyomo, ambayo pip huitumia kuhakikisha kwamba kilichopakuliwa hakikubadilishwa. Ya pili hupakua kwa ajili ya Windows hata kama inaendeshwa kwenye Linux. Ya tatu huiongeza paketi yetu wenyewe.

Kuna mtego katika amri ya pili. Chaguo la `--platform` huiambia pip ichague mafaili ya Windows, lakini masharti kama `sys_platform == 'win32'` huendelea kupimwa kwa kompyuta inayopakua, si kwa ile inayokusudiwa. Kwa maneno mengine, anayepakua kwenye Linux ataikosa `tzdata` bila ya kuambiwa lolote, na atalijua hilo akiwa ameshafika kwenye maabara isiyo na mtandao. Aipakue kwa jina, kwa toleo lile lile lililoandikwa ndani ya `mahitaji.txt`, kwa amri ya `pip download` ya peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo, Python ya kompyuta inayopakua iwe ya toleo moja na zile zitakazosakinishiwa. Njia nyepesi zaidi ni kupakua kwenye kompyuta ya Windows inayofanana na za maabara, na hapo mtego wote unaondoka.

Katika kompyuta za maabara hakuna tena haja ya intaneti:

```
python -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
pip install --no-index --find-links ghala -r mahitaji.txt
pip install --no-index --find-links ghala bamvua
```

Kujenga nyaraka kwenye kompyuta yako

Zana inayotumiwa na miradi mingi ya Python, ikiwemo Python yenyewe, ni Sphinx, iliyoandikwa na Georg Brandl na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Ikiongezewa MyST, nyaraka huandikwa kwa Markdown, ambayo wengi wanaifahamu. MkDocs ni nyepesi zaidi na inafaa kwa mwongozo wa kurasa chache. Nimeichagua Sphinx kwa sababu inaweza kusoma maelezo yaliyomo ndani ya msimbo na kuyapima, kama itakavyoonekana hivi punde. Folda ya `docs` iwe na `index.md` na faili la `conf.py` lenye mambo haya:

```python
from importlib.metadata import version as toleo_la

project = "bamvua"
release = toleo_la("bamvua")
language = "sw"
extensions = [
    "myst_parser",
    "sphinx.ext.autodoc",
    "sphinx.ext.doctest",
    "sphinx.ext.intersphinx",
]
autodoc_mock_imports = ["matplotlib"]
intersphinx_mapping = {
    "numpy": ("https://numpy.org/doc/stable/", None),
}
html_theme = "furo"
```

Namba ya toleo haikuandikwa mara ya pili. Inasomwa kutoka katika paketi iliyosakinishwa, na kwa hivyo nyaraka haziwezi kutaja toleo lisilokuwepo. Matokeo yake ni kwamba paketi isiposakinishwa kwanza, ujenzi husimama hapo hapo, na hilo ni jambo jema.

Kiambatisho cha `autodoc` huiita moduli hasa ili kusoma maelezo ya kila kazi iliyomo. Hapa ndipo vitegemezi na nyaraka vinapokutana. Seva ikikosa NumPy, `autodoc` itashindwa kuiita `bamvua`, itaandika onyo katika kumbukumbu za ujenzi, kisha itaendelea na kazi na kutoa ukurasa usio na kitu. Tovuti itaonekana imejengwa, alama itakuwa ya kijani, na sehemu yote ya maelezo ya msimbo itakuwa tupu. Kwa hiyo maonyo yageuzwe makosa kwa chaguo la `-W`:

```
uv run --group nyaraka sphinx-build -W -b html docs docs/_build/html
uv run --group nyaraka sphinx-build -b doctest docs docs/_build/doctest
uv run --group nyaraka sphinx-build -b linkcheck docs docs/_build/viungo
```

Matplotlib imetajwa katika `autodoc_mock_imports` kwa kuwa ni kitegemezi cha hiari. Sphinx huiwekea kiini macho, moduli ikaitika bila ya Matplotlib kusakinishwa. Ujanja huo usitumiwe kwa NumPy, kwa sababu mifano iliyomo katika nyaraka inaihitaji kwa kweli.

Amri ya pili, ya `doctest`, huendesha mifano iliyoandikwa kwa alama za `>>>` na kulinganisha jibu na lile lililochapishwa. Umuhimu wake ulionekana wazi NumPy 2.0 ilipotoka. Toleo hilo lilibadilisha namna namba moja moja inavyooneshwa: mahali palipokuwa na `14.77` sasa huandikwa `np.float64(14.77)`. Hakuna hesabu iliyoharibika, lakini mifano ya miradi mingi ikawa inaonesha jibu ambalo msomaji haoni kwenye kompyuta yake. Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba amekosea yeye. Kazi ya `bamvua` irejeshe `float` ya kawaida ya Python, kwa kuandika `float(jibu)`, na mfano utabaki sahihi kwa NumPy ya zamani na mpya.

Neno juu ya lugha. Kama wasomaji wako wengi wapo hapa, andika kwa Kiswahili tangu mwanzo, usingoje siku ya tafsiri. Chaguo la `language = "sw"` huandika lugha ya ukurasa ndani ya HTML, jambo linalosaidia vivinjari na visoma-skrini. Lakini kisanduku cha kutafuta cha Sphinx hakina kanuni za Kiswahili, na lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno: anayetafuta "kujaa" hataletewa ukurasa wenye "yamejaa" na "yanajaa" tu. Kwa hivyo vichwa vya habari viandikwe kwa majina ambayo msomaji atayatafuta, kama "Kujaa na kupwa kwa maji", na maneno muhimu yaingizwe katika faharasa. Anayehitaji lugha mbili atumie `sphinx-build -b gettext` pamoja na `sphinx-intl`, ambazo hutoa mafaili ya sentensi za kufasiriwa moja moja, ili asilazimike kutunza nakala mbili za kila ukurasa.

Kuziweka mtandaoni

Read the Docs, huduma iliyoanza mwaka 2010, hujenga na kuhifadhi nyaraka za miradi huria bila ya malipo, kwa sharti la kuonesha matangazo madogo. Unajiunga kwa akaunti ya GitHub, GitLab au Bitbucket, unachagua ripozitori (hifadhi ya msimbo wa mradi wako), na kuanzia hapo kila unaposukuma mabadiliko nyaraka hujengwa upya. Tangu Septemba 2023 kila mradi unalazimika kuwa na faili la `.readthedocs.yaml`:

```yaml
version: 2
build:
  os: ubuntu-24.04
  tools:
    python: "3.12"
sphinx:
  configuration: docs/conf.py
  fail_on_warning: true
python:
  install:
    - requirements: docs/mahitaji.txt
    - method: pip
      path: .
formats:
  - htmlzip
```

Namba ya Python iwe ndani ya alama za kunukuu. Bila ya hizo, YAML huisoma 3.10 kama desimali na kuifanya 3.1, na ujenzi unakataliwa. Mstari wa `fail_on_warning` ni ule ule `-W` uliotangulia. Faili la `docs/mahitaji.txt` linatokana na yale matoleo yaliyofungwa, na hupatikana hivi:

```
uv export --group nyaraka --no-emit-project -o docs/mahitaji.txt
```

Wapo wanaoona kwamba kufunga matoleo ya Sphinx kwa ajili ya nyaraka ni kuzidisha. Mimi naona kinyume. Msimbo wako haukubadilika, lakini mandhari au kiambatisho kimetoa toleo jipya jana usiku, na leo unaposahihisha herufi moja ujenzi unakataa. Muda wako utakwenda katika kutafuta kosa lisilo lako. Matoleo yakiwa yamefungwa, kitakachobadilika ni kile ulichokibadilisha wewe.

Mstari wa mwisho, wa `htmlzip`, huiambia huduma itengeneze pia nakala ya ZIP yenye nyaraka zote katika ukurasa mmoja mrefu. Msomaji huipakua mara moja, huipeleka kwa flashi au kwa WhatsApp, na kuisoma popote. Kisanduku cha kutafuta hakitakuwepo, lakini Ctrl+F ya kivinjari inatosha. Nakala hiyo iwekwe ndani ya folda ile ile ya `ghala`, ili anayepokea paketi apokee na maelezo yake.

Njia nyengine ni GitHub Pages, inayofaa kwa mradi wenye toleo moja tu la nyaraka. Tovuti yake isizidi GB 1, kiwango ambacho nyaraka za kawaida hazikikaribii. Ukiichapisha kutoka katika tawi la Git, weka faili tupu liitwalo `.nojekyll` katika mzizi wa tovuti. Likikosekana, Jekyll, zana ya GitHub Pages ya kutengeneza kurasa, huyaruka mafolda yanayoanza na mstari wa chini, likiwemo `_static` la Sphinx, na kurasa zako zitatoka bila ya rangi wala mpangilio.

Kuhuisha na kutunza matoleo ya zamani

Mara moja kwa mwezi, au kabla ya kila toleo, endesha `uv lock --upgrade`, kisha majaribio, kisha amri tatu za Sphinx, kisha `uv export` upya. Ikiwa ni kitegemezi kimoja kinachohitaji kubadilishwa, kwa mfano kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama uliotangazwa, tumia `uv lock --upgrade-package numpy` ili vyengine visiguswe. Zana ya `pip-audit` hulinganisha orodha yako na udhaifu unaojulikana.

Kila toleo linapotoka liwekewe tegi katika Git, kama `v0.3.0`. Read the Docs huifanya anwani ya `stable` ifuate tegi ya juu zaidi ya toleo rasmi, na `latest` ifuate tawi kuu. Viungo vilivyomo katika `[project.urls]` na katika mafunzo vielekezwe kwenye `stable`, kwa sababu `latest` inaweza kueleza kazi ambayo bado haijachapishwa PyPI, ghala la mtandaoni la paketi za Python. Pakiwa na kosa katika toleo lililokwisha kuchapishwa, halibadilishwi kwa kupakia upya faili lenye jina lile lile, maana PyPI hairuhusu. Toleo bovu huwekewa alama ya kuondolewa, na jipya hutolewa kwa namba inayofuata.

Baada ya miaka michache menyu ya matoleo itakuwa ndefu, na utashawishika kuyazima ya zamani. Toleo likizimwa katika Read the Docs, kurasa zake hufutwa na viungo vyake hufa, pamoja na vile vilivyochapishwa katika vitabu vya mafunzo vya chuo. Lakini likifichwa, huondoka katika menyu na anwani yake huendelea kufanya kazi. Kwa kuwa flashi yenye `bamvua` 0.2 inaweza kuwa bado inazunguka katika maabara za Pemba muda mrefu baada ya wewe kuisahau, lifiche toleo hilo na usilizime.